Mwaka Feza Alipochelewa Kukua

Mwaka mmoja, mimi bado msichana ambaye hajaota matiti, tembo alikufa karibu na kijito chetu, upande wa mashamba ya mpunga. Wawindaji walimfuata tangu msitu wa mbali, wakampiga, akakimbia na jeraha lake, na kabla ya kuanguka akamrusha mmoja wao, Lukumbi, akamvunja paja. Lukumbi walimwacha kwanza amelala kwenye majani analia, maana nyama ilikuwa nyingi na jua lilikuwa linapanda. Usinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Watu walitoka vijiji vyote na visu na mashoka na vitunga, hata katekista alikuja na kisu cha jikoni cha mke wake, amekifunga ndani ya kitambaa cheupe kama mtu anayekwenda kusalisha. Wanaume wawili waliingia kabisa ndani ya tumbo la yule mnyama, tukawa tunawasikia wanagombana humo ndani juu ya maini lakini hatuwaoni. Tulikula siku nyingi. Mbwa walinenepa mpaka wakawa wavivu wa kubweka. Kisha kijiji kizima kikashikwa na tumbo la kuhara, ukienda porini unakuta kila kichaka kina mwenyewe, na watu wazima wenye heshima zao wanasalimiana humo humo kwenye majani.

Mimi nikianza kusema naanza popote, shule nilisoma kidogo tu kwa masera, wale watawa wa kizungu, hawakunifundisha kuanza mwanzo. Lakini nafikiri nimemkumbuka tembo kwa sababu ya shangazi yangu Bitondo. Yeye ndiye aliyegawa nyama, kwa kuwa hakuwa na aibu ya kumnyima mtu. Alipomaliza, mikono yake bado ina damu mpaka kwenye viwiko, alikwenda pale Lukumbi alipolazwa akamuuliza mbele ya watu wote: kabla ya kwenda msituni ulilala na nani? Maana kwetu mwindaji wa tembo alipaswa kukaa mbali na wanawake, hata mke wake mwenyewe, tangu safari inapopangwa. Lukumbi akakataa. Shangazi akakaa chini, akatoa tumbaku yake, akasema yeye hana haraka, mfupa ndio una haraka. Mwishowe Lukumbi akataja jina la mwanamke. Wakamfunga paja kwa vijiti na dawa, na baada ya muda akasimama. Miaka mingi watu walisema, unaona, alisema ndipo akapona. Kwamba mguu ule ulibaki mfupi, na Lukumbi akatembea mpaka kufa kama mtu anayekanyaga shimo kila hatua, hilo hakuna aliyelisema.

Kiangazi hiki nimemzika binti yangu Feza, hapa Kasongo. Alikuwa bibi mwenye wajukuu, na alikuwa mnene, mnene wa kweli, wa kukaa kwenye kiti na kiti kikalalamika. Wanawake waliomwosha walitoka chumbani wanapangusa jasho, mmoja akaniambia, mama, huyu alikula vizuri hapa duniani. Nikacheka. Kwenye kilio cha mtoto wangu mwenyewe nikacheka, na wajukuu waliokuja kwa pikipiki kutoka Salamabila wakatazamana, wakafikiri uchungu umenipanda kichwani. Wakanipa maji. Sasa ningewaambia nini? Hakuna aliyebaki anayejua Feza alikuwaje alipozaliwa. Mama yangu amekufa, shangazi Bitondo amekufa, majirani wamekufa. Baba yake sijui alifia wapi, ao kama alikufa. Basi nimebaki mimi, na nisiposema mimi, watu watamkumbuka huyu mnene tu, na yule mwingine atakuwa hakuwahi kuzaliwa.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, tulikuwa Kabambare, na mimi nilikuwa nimeolewa na Assani. Assani alikuwa kantonie, ndio kusema alikuwa kwenye kundi la wanaume wanaofukia mashimo ya barabara na kufyeka majani pembeni, barabara ile ya kwenda Kasongo. Waliishi kwenye vibanda njiani, juma zima, na kurudi nyumbani jumamosi. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa miezi saba, nilikuwa nimekwenda kwa mama yangu kumsaidia kumenya karanga, na uchungu ukanikuta hapo hapo na karanga mkononi. Sikufika hata kitandani. Mama alimpokea mtoto kwenye mkeka, akamtazama, akanyamaza. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno mengi, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko damu.

Alikuwa mwekundu na ana manyoya laini mabegani, unisamehe Feza, kama panya mchanga. Kilio chake hakikuvuka mlango. Masikio yake hayakuwa na ugumu wowote: ukiyakunja yanabaki yamekunjika, mpaka uyanyooshe mwenyewe kwa kidole. Mama alitoa pamba aliyoficha chini ya kitanda. Pamba wakati ule tulilima kwa lazima, tukapeleka yote sokoni, na kukutwa nayo nyumbani baada ya soko ilikuwa ni kesi ya kukufikisha kwa kiongozi. Lakini hakuna mama ambaye hakubakiza kidogo, kwa utambi, kwa kidonda, kwa mto wa mgeni. Tulikaa sisi wawili tunachambua mbegu kutoka kwenye pamba, tukaijaza kwenye kitunga, tukamlaza mtoto ndani mpaka unaona uso tu, na pembeni ya kitunga mama akapanga mawe ya moto yaliyofungwa kwenye gunia. Mlango ulifungwa kwa mkeka. Moto haukuzimwa. Chumba kile nakijua mpaka leo kuliko chumba chochote nilicholala: moshi, harufu ya samaki wa kukaushwa aliyening'inia juu ya moto, jasho letu, na katikati kile kitunga ambacho tulikigeuza geuza kama mtu anavyogeuza mhindi wa kuchoma.

Jumamosi Assani alifika na koleo lake begani. Mama alimwambia asiingie na baridi ya nje, akasimama kwanza karibu na moto kujipasha, kisha akainama juu ya kitunga. Assani alikuwa mtu wa kuchekesha, hilo mulijue mapema. Angeweza kueleza namna lori ilivyokwama kwenye matope, ukafikiri ulikuwa ndani. Akatazama sana, akaniuliza, "Huyu ni mutoto, ao ni kidole cha mutoto?" Mama akamtukana, na mimi nikacheka mpaka nikaumia. Kisha akaweka kidole chake ndani ya mkono wa mtoto, na mkono ule ukakishika, haukuzunguka hata nusu. Alikaa hivyo mpaka mgongo ukamuuma. Jina la Feza ni yeye aliyempa, alisema fedha nayo ni ndogo na watu wanaificha.

Tatizo lilikuwa kunyonya. Alikuwa anavuta kidogo, anachoka, analala na titi mdomoni. Ukimwamsha anavuta tena kidogo, analala. Mimi nilikula kila kitu ambacho mama alinipa, bukari, ndio kusema ugali, na sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa karanga, mchuzi wa samaki wa moto mpaka ulimi uungue, uji wa mpunga. Maziwa yakajaa mpaka yakanilowesha, na mtoto amelala tu. Nilimkamulia kwenye kikombe, mama akamdondoshea mdomoni kwa kipande cha pamba. Hakufa. Watu walikuja kusalimia, wanainua kitambaa kidogo, wanakirudisha, wanasema Mungu asaidie, na kwa sauti yao unasikia wanaomba jambo ambalo hawalitazamii. Lakini hakufa, mwezi ukapita, na mwingine, tukamtoa kwenye pamba, na hapo ndipo shida yenyewe ikaanza. Kwa mtoto mgonjwa watu wana subira. Kwa mtoto ambaye hafi na hakui, hawana.

Mama Sefu, jirani yetu, alizaa juma lile lile kama mimi. Sefu alitoka na mapaja yenye mikunjo. Kila nilipomtoa Feza uani, Sefu alikuwa pale mkekani. Sefu alishika shingo. Ya Feza ilianguka upande huu na upande huu kama ya kuku aliyechinjwa. Sefu akacheka, Feza alikunja uso kama mzee anayefikiri juu ya kodi. Sefu akakaa mwenyewe, akala udongo, akapigwa. Feza nilimwegemeza kwenye tumbo langu, akateleza taratibu kama gunia lisilojaa. Mama Sefu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwondoa mtoto wake akiniona natoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nyuma ya ukuta wa nyasi wanawake walitwanga muhogo, na mchi ukipumzika nilisikia. Mmoja alisema ngozi imekuwa kubwa kuliko mtoto. Mwingine akasema kichwa ndio kinakula chakula cha mwili. Na sauti ya tatu, sikuijua ya nani, ikasema, "Muulizeni baba yake analala wapi kule barabarani."

Kwetu, na hata kwa Waislamu wa Kasongo ilikuwa hivyo, mtoto akiwa bado ananyonya, baba na mama hawalali pamoja mpaka mtoto asimame, na baba hatafuti mwanamke mwingine nje. Akitafuta, wanasema amemruka mtoto, na mtoto aliyerukwa hakui. Anakonda, ngozi inalegea, miguu inakataa. Alama zake kila mtu alizijua, na Feza alikuwa nazo zote.

Nilimpeleka kwenye dispanseri. Kila juma masera alipima watoto. Wanawake tulipanga mstari, watoto wanawekwa ndani ya kitambaa kinachoning'inia kwenye mizani, wanapiga kelele kama mbuzi wa sokoni, na aliyeongezeka vizuri mama yake anapewa kipande cha sabuni. Mimi sabuni ile niliisikia harufu yake tu. Aliyenisaidia alikuwa munganga mweusi wa dawa za kizungu, tulimwita Benoa, kijana mwenye soksi ndefu. Aliniuliza mtoto alizaliwa mimba ikiwa ya miezi mingapi. Akaniambia, usimulinganishe na yule wa jirani, huyu ahesabiwe tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa. Alikuja mbele ya saa yake, sasa anaisubiri hapo hapo. Akaniambia anachoka kunyonya, basi akimaliza titi nimkamulie mengine nimpe kwa kijiko, kila mara, hata akilala nimwamshe. Nikamuuliza, atakua? Akasema wengine wanakua, wengine hapana, wewe umulete tena. Nilirudi na maneno hayo nimeyashika kama yai. Nilipoyasema uani, mama Sefu akauliza, sasa mutu anaweza kuwa na siku mbili za kuzaliwa? Wakacheka wote, na mama yangu pia.

Basi wakamwita shangazi Bitondo. Alikuja kwa miguu kutoka kijijini, na tumbaku yake, akala kwanza, akalala, akaamka, ndipo akaomba mtoto. Akamvua. Akamshika chini ya makwapa, akamwinua, miguu ikaning'inia. Akavuta ngozi ya paja, ikabaki imesimama. Hakuniuliza kitu. Alimsubiri Assani mpaka jumamosi, na Assani alipofika, hajaweka koleo chini, akamwambia hapo hapo mlangoni kwamba asiguse mtoto.

Assani alifikiri ni mchezo. Alijibu kitu cha kuchekesha, sikumbuki nini, na hakuna aliyecheka. Shangazi akamwuliza. Akakataa. Akamwuliza mbele ya wazee, akakataa. Alisema barabara ile ina matope na nzi na kapita, msimamizi wao, mwenye kiboko, mwanamke angetoka wapi. Mjomba wangu mmoja akasema munakwenda Kasongo kuchukua vifaa, si hivyo? Assani akasema ndiyo, tunakwenda. Na hapo wote wakatikisa kichwa, maana Kasongo ni mji. Mimi nilisema. Nilisimama nikasema huyu hakufanya, munganga ameeleza sababu. Shangazi akaniuliza kwa upole kabisa, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Weye ulikuwa Kasongo?" Sikuwa Kasongo. Nikakaa.

Tangu siku ile Assani akifika alikaa uani, juu ya kinu kilichogeuzwa, na mtoto anafunikwa anapopita, ili kivuli cha baba kisimwangukie. Chakula chake kilitolewa nje. Alikuwa ananiuliza kwa mlango, amekula? amenyonya? Nami najibu kupitia mkeka. Mama yangu na mimi tulianza kugombana juu ya kijiko, maana shangazi alisema maziwa yakiona hewa yanakufa, asipewe. Nilikuwa nalia, maziwa yakapungua kweli. Tulipokwenda kwenye mizani, Feza alikuwa amerudi nyuma. Benoa akatazama mizani, akamtoa, akamweka tena, akasubiri sindano itulie. Kisha akanitazama mimi, akaniuliza, kwenu kuna nini? Ningemwambiaje mtu mwenye soksi.

Mama yangu ndiye aliyemwendea Assani. Nilikuwa ndani, niliwasikia wote wawili. Mama hakumshtaki. Alimwita baba Feza, alimwambia mwanangu, mimi sijui kama ulifanya ao haukufanya, na mimi sitaki kujua. Alimwambia mtoto anakwisha. Dawa ya shangazi haifanyi kazi mpaka baba aseme. Basi sema, maneno ni upepo tu, utasema siku moja na yatakwisha. Assani akasogeza kinu karibu na mlango. Kisha nikasikia, "Nikisema, mutanipa nimubebe?"

Akasema. Ilikuwa jumapili baada ya misa, uani kwetu, watu wamejaa kama kwenye mahari. Shangazi alikuwa na sufuria ya dawa mbele yake. Assani akasimama akasema ni kweli, nilikwenda kwa mwanamke Kasongo. Watu wakapumua. Nilifikiri imekwisha, lakini shangazi hakuwa mtu wa kumeza bila kutafuna. Akauliza jina. Assani akatazama chini, akasema Mwajuma. Akauliza nyumba iko namna gani. Na hapo, sijui ni nini kilichomwingia, labda ni ile tabia yake, alipoona watu wote wametegea masikio akashindwa kueleza vibaya. Akasema nyumba iko nyuma ya soko, mlangoni kuna pazia ya manjano. Mwanamke anauza mikate. Chini ya kitanda alilaza kuku mweupe anayeatamia, "na nilipoweka muguu chini kutafuta kiatu, ile kuku ikanidonoa kidole." Uani wakacheka. Wazee walicheka, shangazi Bitondo mwenyewe alifunika mdomo. Akaendelea, akaonyesha namna alivyoruka kwa mguu mmoja kwenye chumba cha watu, na yule Mwajuma akisema kwa sauti nyembamba, pole baba, anakufikiri wewe ni nyoka. Mimi nilikuwa nimesimama na Feza mikononi, nikaiona ile pazia. Nikaona mwanga wa manjano kwenye ukuta. Nikaona mpaka kidole.

Shangazi alimwosha mtoto kwa ile dawa, akatuosha na sisi mikono, akamfunga Feza kamba kiunoni. Kisha akamchukua akamweka mikononi mwa baba yake. Assani hakucheka tena. Alimshika jinsi unavyoshika maji.

Na Feza akakua. Siwezi kusema sivyo, nilikuwepo. Kabla ya kamba kuchakaa mashavu yakajaa. Shingo ikashika. Akakaa, akaanguka, akakaa. Akaota jino. Kwenye mizani sindano ikakimbia, na masera akanipa sabuni, nikailaza kwenye nguo sikuitumia. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, nimezaa wengine baadaye na nimewaona wajukuu. Ugomvi ulikuwa umekwisha nyumbani, nikawa nalala. Watu waliokuwa wanapita mbali sasa walileta samaki, mayai, kuku. Shangazi alikuwa amerudi kwake, nami nikarudia kijiko, hakuna aliyenikataza. Na huenda ile saa ambayo Benoa alisema mtoto anaisubiri ilikuwa imefika. Nilimwuliza Benoa mwenyewe, nikamweleza yote, pazia na kuku. Akasema, mimi ninaona anaongezeka. Juu ya nini anaongezeka, mizani haisemi.

Lakini uani kwetu hakuna aliyehitaji mizani. Assani alisema, mtoto akakua. Basi ni kweli alifanya. Kila ratili aliyoongeza Feza ilikuwa shahidi juu ya baba yake. Hawakumchukia, usifikiri hivyo. Walimpenda kuliko zamani. Akitokea jumamosi watoto wanalia kama kuku. Mama Sefu alimwita shemeji wa mikate. Mjomba alimwonyesha Feza kwa wageni akisema, tazameni, huyu baba yake alikuwa anataka kumuua, na alisema kwa kicheko, amemwekea Assani mkono begani. Mwanzoni Assani alicheka nao. Kisha akawa anacheka kwa kuchelewa. Kisha akaacha.

Siku moja alikwenda mpaka kwa shangazi kijijini, kutembea kutwa nzima, kumwambia alidanganya. Alinieleza mwenyewe aliporudi. Shangazi alimkaribisha, akampikia. Aliposikia akasema kama ulidanganya mutoto angekufa, na mutoto yuko wapi? Akasema yuko nyumbani. Anafanya nini? Akasema anasimama kwa kushika kitu. Shangazi akamwongezea mboga. Alikwenda na kwa mama yangu, mama akamwambia, mwanangu, juu ya nini unafukua kitu kilichokwisha? Hata wale wenzake wa barabarani, ambao walilala naye kibanda kimoja, walianza kujiuliza kama kuna siku alitoroka, na mmoja akasema sasa anakumbuka kuna siku alichelewa.

Alasiri moja, kiangazi, tulikuwa sisi watatu tu. Mama alikuwa kanisani. Nilikuwa napepeta mpunga, Assani amekaa juu ya kinu na Feza amesimama amemshika magoti, anapiga piga kwa viganja vyake, mnene tayari, matako yanatikisika. Haikufika hata mwaka tangu yale mambo ya pamba. Assani akasema bila kunitazama kwamba wengine wote waseme wanachotaka, haidhuru, ilimradi mtu mmoja anajua. Kwamba yeye akiwa kwenye kile kibanda njiani, mvua inapiga, anajiambia, mama Feza anajua.

Niliacha ungo. Nilikuwa na umri wa kutosha kuzaa na si zaidi. Mchana nilikuwa najua. Lakini usiku mwingine nilifumba macho nikaona ule mwanga wa manjano ukutani, na mtu hawezi kuona mwanga wa mahali pasipokuwepo, ndivyo nilivyofikiri wakati ule. Nikamwambia, Assani, hapa hakuna mtu mwingine, hakuna shangazi, mimi sitamwambia mtu. Ukinijibu neno moja nitalishika hilo hilo mpaka kufa.

"Ulikwenda, ao haukukwenda?"

Alinitazama. Sikuona hasira. Aliinuka taratibu kwa sababu ya mtoto, akaitoa mikono ya Feza kwenye magoti yake, mmoja kisha mwingine, akaiweka juu ya kinu ili asianguke, akasubiri mpaka ashike vizuri. Feza akasimama hapo, anacheka, anapiga kinu. Assani akatoka kwa uwazi wa ukuta wa nyasi, hakuchukua koleo, hakuchukua kofia. Alitembea tu kama mtu anayetembea, akapita kwa mama Sefu, watoto wakalia kama kuku, akafika barabarani. Nikarudi kwenye ungo wangu. Nilifikiri anakwenda kujisaidia.